Mkate Wangu Walipewa Nyani

Wakesho mjukuu wangu,

Huku Wundanyi hatujambo, na mama yako amemaliza kuvuna maharagwe. Picha yako ukiwalisha nyani kwenye ile hifadhi ya milimani, juu ya Jidda, imefika. Unauliza mbona sikusema kitu. Nilikasirika, ndiyo maana.

Miaka ile nikiwa mfanyakazi wa ndani Jidda, kama wewe sasa, madam na mumewe tuliyemwita baba walinipeleka huko hifadhini nishike watoto. Nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu alfajiri. Nyani waliposogea, nikaokota jiwe, nikawafukuza kwa makelele kama tufanyavyo shambani mahindi yakikomaa. Kumbe watu wamefunga safari kuja kuwalisha! Watoto wakaangua kilio. Madam akafungua kikapu, akatoa mkate niliojifungashia mwenyewe, akawarushia wale nyani.

"Na mimi madam, nitakula nini?"

"Halas, basi, utakula nyumbani. Hawa maskini wana njaa."

Maskini! Mpaka leo nikikumbuka, mkono wangu hutafuta jiwe, wala si la nyani.

Picha yako ni nzuri, mama. Ila niambie ukweli: siku hiyo, wewe ulikula saa ngapi?

Bibi yako