Siku ya Baada ya Chai

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Mbao.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Itikia hata kama bado umeninunia. Magoti yanaendeleaje? Shemeji bado anakoroma, au mmeshapata dawa? Na wapwa zangu, wanasoma au wanakula ada tu? Huku tu wazima. Mgongo unanisumbua kwa kuinamia cherehani, lakini nikikumbuka mwezi uliopita tulivyokuwa, naona nimepona maradhi yote.

Nakuandikia kukushukuru. Siku ile nilikata simu haraka kwa sababu ulinifokea, nami najiona nimeshapita umri wa kufokewa. Lakini ulisema kweli, na nimeona bora uipate kwa maandishi, maana najua utaitunza barua hii unitambie nayo.

Ngoja nianze mwanzo, kwenye simu nilirukaruka. Serikali imependekeza kubadili utaratibu wa fedha za kuwasaidia watu wenye ulemavu. Fedha hizo ndizo zinazomlipa msaidizi anayekuja kila asubuhi kumwogesha binti yetu Bosi, kumvisha na kumpeleka chuoni. Kwa mapendekezo hayo, anayeweza kujihudumia nyumbani ataondolewa msaidizi. Tukaambiwa hata kabla hayajapitishwa afisa wa ustawi wa jamii atapita kujionea nani abaki na msaidizi. Mke wangu akaniuliza jikoni, msaidizi akiondoka nani ataacha kazi, yeye wa kiwanda cha mikate au mimi wa mapazia? Na chuo cha Bosi je? Nikajifanya natafuta sindano.

Sasa Dada, unatujua sisi. Unamkumbuka marehemu mama: homa imemlaza, lakini mgeni akibisha hodi anainuka, anavaa gauni la kutokea na kicheko juu yake. Basi afisa alipokuja, damu ya mama ikatupanda sote. Tulifagia hadi uvunguni. Kiti cha magurudumu nikakisukuma nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe, eti sebule ipendeze. Naye Bosi akashika meza, akashika ukuta, akapika chai na kuimimina bila kumwaga tone. Nilijaa fahari hadi nikasahau yule mama afisa kaja kufanya nini. Akaisifu chai, akaandika, akaaga.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kesho yake Bosi hakuinuka. Vidole vilikataa hata kijiko, na miguu ndiyo usiseme. Tukawa tunamlisha na kumgeuza kitandani. Ndiyo jioni niliyokupigia, nawe ukaja juu: "Nyie watu mmempokea mkaguzi kama mnapokea wakwe! Mwambie arudi sasa hivi, wakati mtoto yuko hoi. Na ole wako ufagie!"

Nilimpigia afisa. Nilidhani ataniambia nimechelewa, lakini mama wa watu alirudi haraka, Bosi akiwa bado kitandani. Sikufagia, ingawa mikono iliniwasha. Nikaanza kumweleza pale sebuleni: hawezi hiki, hawezi kile. Dada, kumhesabia mtoto wako yale asiyoyaweza, naye anasikia, kunauma. Bosi akanikatiza kutoka chumbani kwake.

"Baba, pumzika kidogo. Mama afisa, karibu huku ndani. Juzi ulikunywa chai yangu ukaenda. Ni kweli, chai naweza kupika. Ila ukishaondoka inakuja siku ya baada ya chai, ndiyo hii unayoiona. Nikiwa na msaidizi, nguvu zangu nazipeleka chuoni. Bila yeye, zote zitaishia kwenye kufunga vifungo vya blauzi."

Afisa aliketi ukingoni mwa kitanda, kalamu akaiweka kando. Alimwangalia msaidizi akimkalisha Bosi na kumfunga hivyo vifungo, huku wanataniana kama kawaida yao. Kisha akamwomba Bosi arudie maneno yake taratibu, akayaandika kama alivyoyasema. Mimi nilisimama mlangoni nikalia, sikuona haya.

Juzi tumepata jibu: msaidizi anabaki. Utaratibu mpya bado unajadiliwa, na afisa hakutuficha kwamba ukipitishwa tutakaguliwa upya. Hofu ipo, nisikudanganye, tena nawafikiria wale wasiokuwa na Bosi wa kuwasemea. Lakini leo acha nishukuru. Miaka yote hii fedha hizo zimempa mwanangu masomo na sisi zimetuachia kazi zetu, na kunung'unika bila kusema hilo ni utovu wa adabu. Namshukuru afisa kwa kurudi. Namshukuru msaidizi, ambaye alikuwa na hofu ya kibarua chake na bado hakuacha kumchekesha mtoto. Nakushukuru wewe kwa ukali wako.

Kuna mkutano wa kutoa maoni, na Bosi ameomba nafasi ya kusema. Mimi nitamsukuma hadi mbele ya ukumbi, safari hii bila pazia.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, usimsahau mama mkwe wako na ile redio yake. Mke wangu anakukumbatia. Mungu akupe afya, akulegezee magoti, na sauti yako ya kufoka asiipunguze hata kidogo.

Nduguyo akupendaye hata ukimgombeza,
Fundi Mapazia

Shangazi, huu ni mwandiko wangu mwenyewe, usiucheke. Kesho mkono huu hautashika kitu. Nilikuwa na nguvu za mistari michache tu, nikaona nikupe wewe.
Bosi