Toka Ghalani, Baba Neema

Kanada,
Jumapili, mwezi wa saba.

Kwa mume wangu mpenzi, Baba Neema,

Nakusalimu kwanza wewe, halafu nakisalimu kifua chako, maana siku hizi nawaulizia kila mmoja peke yake. Neema hajambo? Mama yako anaendeleaje tangu alipokuja kukaa kwetu kutoka Dongobesh? Ng'ombe wanapata majani, au upepo wa huko umeshakausha kila kitu? Mimi mwilini sijambo. Rohoni sitakudanganya, siko vizuri, na utajua sababu kabla hujamaliza ukurasa huu.

Barua hii inaletwa na Bwana Amsi, bwana shamba wetu. Unajua alikuja huku kwa kozi fupi ya mbegu, sasa kozi imekwisha na Jumanne anapanda ndege. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako, si ofisini, wala asimwachie mlinzi wa geti. Posta ingechukua wiki nyingi, na mimi sina wiki nyingi. Naomba uisome ukiwa umekaa, na usiisome ghalani.

Nianze na habari za huku, ili usiseme nimekuandikia ugomvi mtupu. Masomo yanaelekea mwisho. Nusu ya wiki niko wodini, nusu niko darasani, na Jumapili kama leo nashinda na tasnifu yangu. Huko nyumbani naitwa daktari, watu wananipisha kwenye foleni ya maji. Huku nimekuwa mwanafunzi mwenye koti jeupe, na wauguzi wenye umri wa mdogo wangu wananielekeza mashine za kupumulia zilivyo. Mwanzoni iliniuma. Sasa nimezoea, na mashine nazijua kama unavyozijua kombaini zako. Mwezi ujao nitasimama mbele ya walimu nitetee kazi yangu juu ya mapafu ya watu wa ngano. Nikipita, ndiyo shahada. Nisipotokea siku hiyo, wafadhili wamesema wazi hakuna tarehe nyingine, narudi kama nilivyokuja. Hilo ulikuwa unalijua. Nalitaja kwa sababu nitalirudia.

Sasa sikia kilichotokea wodini.

Tuliletewa mkulima mmoja mzee, mtu wa ngano kama sisi, ana mashamba huko tambarare ambako jicho haliishii. Mikono yake ilikuwa kama ya baba yako, vidole vinene, vumbi limeingia kwenye ngozi halitoki. Alikuwa na pumu ya vumbi la ngano. Alipofika alikuwa hawezi kusema maneno mawili bila kutweta, na mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mkononi alikuwa ameshika pampu ya bluu ya kuvutia dawa. Tulipojaribu kuichukua alikataa kuiachia.

Tulifanya yote. Mimi mwenyewe nilishika mfuko wa hewa nikawa namsukumia pumzi kwa mikono, na nakuambia ule mfuko ulikuwa mgumu utadhani nasukuma upepo ndani ya jiwe. Kifua kilikuwa kimefunga. Yule mzee alifariki mikononi mwangu, Baba Neema, siku yenye jua zuri, dirisha liko wazi.

Nikatoka kwenda kuzungumza na mkewe, maana huku nayo ni kazi yetu. Alikuwa mama mpole, amevaa nguo za jikoni bado. Hakulia. Aliniambia kwamba daktari wao alimpa mumewe dawa mbili, ya bluu na ya kahawia, lakini ya kahawia aliiacha kabatini kwa sababu alisema haimfungui kifua. Alimwomba asiingie kwenye ghala la nafaka, akajibiwa kwamba mavuno hayasubiri. Halafu akasema neno moja ambalo lilinikaa moyoni: tangu mavuno yaanze, mumewe alikuwa halali kitandani. Alikuwa analala kitini.

Nilirudi nyumbani siku hiyo sikula.

Juzi sasa, Bwana Amsi akaja kuniaga. Nikampikia ugali, na jinsi unga wa huku ulivyotutia aibu hatasahau. Tukacheka, tukaulizana habari za Basotu na Katesh, nani ameoa, nani amehamishwa. Nikamwuliza habari zako, shemeji yako umemwachaje? Akacheka, akasema:

"Shemeji ana mapenzi yule. Siku hizi analala kitini. Anasema kitanda kimekuwa kikubwa mno bila Mama Neema."

Nami nikacheka. Nakiri nilifurahi, mke gani asingefurahi. Nikainuka kumwongezea chai, na birika likiwa mkononi, yule mama wa nguo za jikoni akanijia akilini na neno lake la kiti. Niliweka birika chini. Bwana Amsi akaniuliza kama nimeungua.

Ndipo nikaanza kumhoji kama polisi. Shemeji anakohoa? Akasema kila mtu wa ghalani anakohoa, ni vumbi. Anapanda ngazi ya ghala bila kusimama? Akafikiri, akasema hapana, siku hizi anasimama katikati anajifanya anakagua magunia. Anapiga mluzi kifuani? Akatazama chini. Akasema vijana wa ghala wamekupa jina, wanakuita Filimbi, na wewe mwenyewe unacheka nao. Na ile pampu ya kahawia niliyompa shemeji, anaitumia asubuhi na jioni? Hapo akashangaa, akasema kwa sauti ya mtu anayesifia:

"Ile alimpa mama yake. Alisema hawezi kukaa na dawa mbili, mama ana kikohozi hana hata moja."

Mume wangu. 

Ninakuelewa, usidhani sikuelewi. Mimi ni mtoto wa huko huko. Mtu hawezi kula vipande viwili vya nyama mama yake anatazama. Na ninajua ulivyochagua. Ya bluu unaisikia, ukivuta tu kifua kinafunguka, ukaiona ndiyo dawa. Ya kahawia huisikii, haichomi, haina hata uchungu, ukasema hii ni ya wazee. Sisi watu wa Hanang dawa isiyouma hatuiiti dawa. Ukampa mama ile unayodhani ni laini, na moyo wako ukatulia kwamba umegawa sawa. Wewe umegawa kama mtoto mwema anavyogawa, na ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia vizuri.

Lakini hukugawa sawa. Ile ya kahawia ndiyo dawa yenyewe. Inafanya kazi polepole, inapoza kidonda kilicho ndani ya njia za hewa. Ile ya bluu inafungua mlango tu, haizimi moto ulio ndani ya nyumba. Ukifungua mlango kila siku na moto unazidi kuwaka, iko siku mlango wenyewe utakwama. Mzee wa wodini mlango wake ulikwama.

Na mama, Mungu amweke, najua ile pampu imeenda wapi. Bwana Amsi ameniambia kwamba wazee wenzake wakija kumtembelea, kila bibi anayekohoa anapuliziwa kidogo, kisha wanakunywa chai. Nilicheka hadi machozi yakatoka, na machozi yenyewe sijui yalikuwa ya nini. Bila shaka imeshakwisha. Usimwulize, wala usimnyang'anye hata kopo tupu. Kitu ukishampa mama hakirudishwi, na mimi mkwe wake sitakuwa wa kwanza kukirudisha. Nimemtumia sweta la sufu zito, mpe kwa mikono miwili na umwambie ni langu. Ila umpeleke hospitali ya misheni apimwe makohozi, kwa sababu Amsi anasema anatoka jasho usiku na amepungua. Kikohozi chake si cha pampu ya rangi yoyote.

Wewe sasa. Kwenye mfuko aliobeba Bwana Amsi kuna pampu za kahawia mpya. Zote ni zako, na hapa sitaki ukarimu. Vuta asubuhi, vuta jioni, hata siku unayojisikia mzima, kisha sukutua mdomo kwa maji. Ya bluu ivute kifua kikifunga, si kabla ya kazi ili uweze kuingia vumbini. Ukiona umeivuta na hufunguki, au huwezi kumaliza sentensi bila kupumzika, usingoje kupambazuke na usiniandikie barua. Mwambie Bwana Amsi awashe gari. Nimemwandikia na tabibu wa zahanati ya shamba, ana vidonge vya kukupa wiki hiyo hiyo utakayosoma barua hii. Mvumilie, ni kijana lakini anajua kazi yake.

Yote hayo ni bure kama utabaki ghalani.

Ninajua unachotaka kusema. Unataka kusema kwamba umetoka kwenye trekta ukapanda cheo ukawa msimamizi wa ghala, na nyumba ya bati tunayokaa imekuja na cheo hicho. Unataka kusema mavuno ndiyo kwanza yameanza, kombaini zinashusha ngano kutwa, nani atafagia, nani atapokea malori. Unataka kusema wenzako watasema mke wa Lazaro anamtawala kutoka ng'ambo, amemwachisha kazi kwa kalamu. Waache waseme. Wanaokuita Filimbi leo ndio watakaobeba jeneza kesho, na baada ya wiki watapata msimamizi mwingine. Mimi sitapata.

Nenda kwa meneja uombe kurudi karakana. Wewe ni fundi, mikono yako inajua injini kuliko magunia. Akikunyima cheo, mwache nacho. Akichukua nyumba, hamia Nangwa kwa kaka yako mpaka nitakaporudi, tutajenga ya udongo na tutakuwa na hewa. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo na sikufa.

Sasa narudi kwenye lile nililosema nitalirudia.

Najua unavyoisubiri shahada yangu. Amsi amenisimulia kwamba kila gulio la Katesh unatangaza, mke wangu anasomea pumzi za watu, akirudi hakuna mtu wa Hanang atakufa kwa kifua. Nilijivuna niliposikia. Basi nitatumia majivuno yako kukubana, kwa sababu silaha nyingine sina, niko mbali mno.

Siku utakayotoka ghalani, nenda posta ya Katesh upige simu ya maandishi, telegramu. Maneno mawili yanatosha: NIMETOKA GHALANI. Nimeshamwomba Bwana Amsi ahakikishe kwa macho yake kwamba ni kweli, naye ameapa, kwa hiyo usijaribu kunidanganya. Simu hiyo ikifika, nitasimama mbele ya walimu wangu nitetee kila ukurasa, na nitawaeleza mapafu ya watu wa ngano mpaka wachoke. Isipofika kabla ya siku ya mtihani, siku hiyo nitakuwa angani. Nimekwisha kumwambia mwalimu wangu. Alidhani natania, akanitazama, akaona sitanii. Akaniuliza kama najua ninachokitupa. Nikamjibu kwamba siwezi kufundishwa namna ya kumwokoa mume wa mtu mwingine huku wa kwangu anakata pumzi peke yake.

Usiniambie nimekuwa mkali. Ninaogopa, Lazaro. Ninaogopa tangu juzi. Kila mgonjwa akiingia natazama miguu kwanza kabla ya uso, kwa sababu ukija ndotoni unakuja na viatu vya ghalani vyenye vumbi jeupe. Kama ningeweza kuweka sikio kifuani kwako dakika moja tu, nisingeandika yote haya.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwombe anibariki. Msalimie kaka yako wa Nangwa na shemeji yako mwenye kushona. Msalimie wifi anayemlea Neema, mwambie zawadi yake iko chini kabisa ya mfuko, khanga yenye maneno ambayo nimeyachagua kwa makusudi. Yule jirani mwalimu aliyetoka Tanga, mwambie dua zake nazihitaji hata kama sala zetu si za njia moja. Neema umbusu, na umwambie mama atakuja. Lini, baba yake ndiye atakayesema.

Bwana Amsi amefika, amekaa mlangoni hataki chai, anaogopa kuchelewa basi la kumrudisha anakokaa. Namkabidhi sasa hivi.

Ni mimi mkeo nikupendaye, ambaye sanduku lake limefungwa nusu,

Mama Neema.