Kipande Cheusi cha Usaili

Jumatatu, 4 Mei

Mwalimu wa fidla amenichagulia kipande cha usaili wa chuo cha muziki. Nafasi ya fidla ni moja tu. Shule nimemaliza; nikiikosa nafasi hiyo, nitakunja nguo dukani kwa shangazi mpaka nizeeke.

Alitandaza vipande vitano juu ya piano, akarudi nyuma, akavikagua kwa jicho moja kama mtu anayenunua kitambaa. Akanyakua chenye wino mwingi kuliko vyote. Ukurasa mweusi tii, akasema, majaji watajua wamekutana na mtu.

Nilitaka kusema nakipenda kile cha polepole, ninachokijua chote. Nikasema ahsante.

Jumatano, 6 Mei

Kwa Mwalimu tunaanza na ukurasa wa mwisho. Sababu: makofi hupigwa mwishoni. Kwa hiyo saa nzima nimejifunza kurusha upinde juu na kuganda — hesabu tatu, kidevu juu. Kidevu changu bado kichanga, kasema.

Nyumbani nimempigia shangazi ukurasa huo. Yeye hupima muziki kwa mwendo wa kiwiko. "Hapo sasa, mwanangu. Kile kingine ulikuwa kama unapaka mkate siagi."

Ijumaa, 8 Mei

Mwisho naujua. Mwanzo tumeupitia mara moja, mbio, kama anayepita mlango wa jirani asiyesemeshana naye.

Jumanne, 12 Mei

Mazoezi na mpiga piano wa chuo, dada atakayetusindikiza sote siku ya usaili. Akauliza mbona mwanzo wangu unachechemea. Nikamweleza mtindo wa Mwalimu. Akacheka mpaka akavua miwani.

Majaji humkatiza kila mtu baada ya dakika moja na nusu! Miaka sita anapiga pale, hajawahi kufika mwisho wa kipande na mtu yeyote. "Wanafunzi wa mwalimu wako nawajua kwa videvu," akasema.

Nimemwambia Mwalimu. Kwa kweli nimeviambia viatu vyake. Kajibu kwamba mimi nitawafanya wasahau kukatiza.

Jumamosi, 16 Mei

Korido ya chuo. Naandikia gotini, mikono ipate kazi.

Mwanafunzi mwingine wa Mwalimu ameingia na kipande hiki hiki. Mistari minne, mitatu mibovu. Halafu: ahsante, inatosha. Nimechungulia. Amerusha upinde juu hata hivyo. Kidevu, hesabu tatu. Jaji mmoja alikuwa anachonga penseli.

"Umeona?" Mwalimu ameninong'oneza. "Ameondoka na heshima zake."

Sasa mpiga piano ametoa kichwa mlangoni. "Mdogo wangu, nikuwekee kipi?" Karatasi za vipande vyote viwili, cheusi na cha polepole, ziko mapajani mwangu. Mwalimu amejibu kwa niaba yangu, kama kawaida: kile cheusi.

Mtu akasema, "Hapana, Mwalimu. Cha polepole." Sauti yangu. Korido nzima imegeuka.

Mwalimu amenyoosha mkono azichukue karatasi. Mpiga piano naye amenyoosha wake. Najifanya bado naandika —