Beechmont Yote Imemkana Aimée

Baba Aimée,

Sijui kama habari za Louisville zinafika huko uliko, kwa hiyo nakuandikia. Binti yako anataka kuvaa uniforme. Keti kwanza. Anataka kuwa askari wa sherifu wa kaunti.

Ilianzia kanisani. Sherifu alikuja kutusalimia, akapewa kiti cha mbele. Akaeleza kwamba alianza kwa kulinda mlango wa mahakama, akapanda pole pole, na sasa anatuomba kura. Mwenye bunduki anaomba kura. Mama Riziki akaninong'oneza, "Donc, kumbe bunduki yake imeharibika?" Kisha sherifu akasema anachokitaka kabla ya yote ni askari wanaojua lugha zetu, ili wazee wasikimbie wakiletewa karatasi za mahakama. Aimée ndiye alikuwa anatafsiri. Hapo akanyamaza katikati ya sentensi. Nikajua tumekwisha.

Bon, mtihani alifaulu. Kukimbia pia, miguu ni yako. Ikabaki askari mmoja kuzunguka mtaani kwetu Beechmont, kuuliza majirani kama ni mtu mwema. Mimi nilikuwa kazini, kule ghalani. Unawajua watu wetu. Shemasi: "Aimée? Hatumujue." Mama Riziki, aliyembeba mgongoni tangu kambi ya wakimbizi: "Hapa hakuna mutu wa jina hilo." Mlango kwa mlango walimficha mtoto wetu, kwa upendo wote. Wewe ndiye uliyetufundisha, tangu siku jirani alipowaonyesha wanajeshi nyumba ya mdogo wako: uniforme ikiuliza mtu, hujui. Ningekuwa nyumbani, na mimi ningejibu hivyo hivyo.

Sasa ofisini wanasema anwani aliyoandika haionekani kuwa yake. Asipopata wa kumshuhudia kufikia Ijumaa, basi. Aimée halii, hagusi chakula, ananijibu kwa Kiingereza tu. Nimempigia Mama Riziki magoti aende aseme ukweli. "Mama Aimée, uniforme haiulizaki mara mbili bure." Wote wamekataa. Naogopa wakimkataa, mume wangu. Naogopa zaidi wakimkubali, maana nani atanirudishia mtu akitoka asubuhi na bunduki?

Lakini kesho naomba ruhusa kazini, napanda basi, naingia ofisini kwa sherifu kwa miguu yangu. Nitawaambia: huyu mimi nimemzaa, analala kwangu, anakula kwangu, waandike.

Lala pema, Baba Aimée. Jina lake nitalitaja lote.

Mama Aimée