Zimwi Limemmeza Mama wa Kambo

Jumapili jioni. Baridi. Mawingu yamekalia vilima vya Iveti tangu asubuhi, na nguo nilizoanika bado zinadondosha maji. Mimi mwenyewe sijakaa sawa.

Nina wivu. Wacha niliandike neno lenyewe kabla sijaanza kulizunguka.

Binti yangu Mwende, wa miaka saba, amerudi leo kutoka Masii kwa baba yake, ambako huenda kila mwisho wa mwezi. Huko kuna Ndinda, mke mpya. Mpya nasema mimi. Wana miaka miwili sasa. Nilishakubali kwamba chapati zake ni laini kuliko zangu. Lakini huyu mwanamke anajua hadithi!

Tena ni hadithi moja isiyoisha. Kuna msichana aitwaye Mwende, jamani, anayeingia katika hadithi za zamani kupitia mlango wa nyuma wa kinu cha kusagia unga. Safari hii amemkuta fisi kitandani, amejifunga leso ya nyanya yake. Akakimbilia kwa mfalme, ambako kiatu kilichopotea kwenye sherehe ni akala ya tairi, na wasichana wote wa mji wanapanga foleni kuijaribu. Haya yote nilisimuliwa kutoka steji ya matatu mpaka nyumbani. Habari yangu sikuulizwa.

Kisha akatoa karatasi ya mwalimu. Ijumaa kila mtoto aje na mtu mmoja wa kusimulia hadithi darasani. Akauliza kama Anti Ndinda anaweza kuja.

Nikasema tutaona.

Mimi miaka hii miwili nimemsimulia hadithi moja tu, nikibadilisha majina. Mama wa kambo mkatili, mtoto analala kwenye majivu, machozi. Niliianza mwezi uleule baba yake alipooa. Sijawahi kukiri hilo popote.

Leo tukichagua ndengu jikoni nikamwambia ile ya Anti nitaiendeleza mimi. Akafurahi, akavuta kigoda. Zimwi langu likashuka mlimani, likafika Masii, likabisha hodi, likamkuta mwanamke anapika chapati. Likammeza mzima mzima, pamoja na kikaango chake.

Nilicheka. Peke yangu.

Mwende alilia mpaka ungo wa ndengu ukapinduka. "Mum, mtoe! Mtoe kwa tumbo!" Nikalipasua zimwi haraka kwa kisu cha mboga, nikamtoa Ndinda akiwa hai, na chapati zikiwa bado moto. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, nimemliza mtoto kwa sababu ya chapati. Niliona aibu na bado ninayo.

Alipotulia nikamuuliza, kwani yule Mwende wa hadithi hurudi nyumbani vipi? Maana najua hudondosha ndengu njiani ili asipotee, na kuku huzila zote.

"Mum yake anamuita kwa mlango," akasema. "Lakini hapo Anti hunyamaza. Anasemanga hiyo sauti ni yako, yeye hawezi kuifanya. Mimi ndio huiskia kwa kichwa."

Nikainama kuokota ndengu ili asinione uso. Nilichukua muda mrefu kuziokota.

Muda wote huo mimi nalilisha zimwi langu, mwenzangu ananiwekea nafasi.

Karatasi ya mwalimu ina mstari wa jina moja tu. Nimeandika la Ndinda, na nimempigia kumwambia. Alishtuka, akaniuliza mara mbili kama nina hakika.

Ijumaa nitakaa nyuma kabisa, nimevaa lile gauni la kijani ambalo najua yeye hana la kufanana nalo. Wivu hauondoki kwa siku moja, na sitajifanya umeondoka. Lakini atakapofika pale anaponyamaza, nitasimama kwenye mlango wa darasa, mbele ya watoto wote, nimuite mtoto wangu arudi nyumbani.