Mwiko wa Mama Siurudishi

Mama Nyamizi, mdogo wangu,

Shikamoo yako ningeiitikia marahaba, lakini hukuituma, ulituma matusi kwa simu. Hata hivyo nakujulia hali, wewe na mumeo na tumbaku yenu huko Ushetu. Mimi hapa Mwakitolyo ni mzima, ni kifua tu na hili vumbi la mawe ya dhahabu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuomba mtu, maana barua huwezi kuikatiza.

Unaniita mwizi. Mwizi wa mwiko! Mama alipokufa mligawana vitenge, vyungu, hata kinu mkakipakia kwenye mkokoteni. Nikauliza, na mimi je? Ukacheka mbele ya wajomba: "Mwanaume atafanya nini na vya jikoni?" Basi nikachukua mwiko. Na ugali nausonga, wachimbaji wa shimo letu wanakula kimya. Hakuna mwanamke wa Ushetu wa kunifikia, na wewe usijaribu. Ule mwiko umelika upande mmoja kwa sababu mama alisonga kwa mkono wa kushoto. Na mimi wa kushoto. Wewe wa kulia ungekufaa nini?

Sasa unautaka eti Nyamizi anaolewa, asonge ugali wa kwanza kwa mwiko wa bibi yake. Desturi naijua kukuzidi. Lakini sikiliza. Juzi mwenzetu mmoja, mjinga wa kuzaliwa, alikosa kijiti, akauchukua akakorogea zebaki ya kunasia dhahabu kwenye karai la mchanga. Nikamwambia, "We, huo mwiko wa mama yangu!" Akajibu, "Mzee, si mti tu?" Nilimtia ngumi moja, akakaa chini. Uzee wangu una nguvu bado. Lakini zebaki ni sumu, imeshaingia kwenye mti, kuosha hakuitoi. Hautasonga tena.

Usifurahi. Siuleti ng'o. Nimeutundika juu ya kitanda changu, na ugali sasa nausongea kipande cha ubao. Nyamizi nimemchongea mwingine wa mninga, hakuna fundi Kahama nzima wa kuchonga vile. Huo hapa pamoja na barua, mpe. Usimdanganye kuwa ni wa bibi, mwambie ni wa mjomba wake mkorofi.

Msalimie mumeo, bado namdharau kidogo. Msalimie shangazi yetu mwenye mguu mbovu, na bwana harusi ambaye hajanisalimia.

Mwiko wa mama utaushika siku ya kunizika, na utaushika kwa kuutia kaburini tu. Mtu asiupikie.

Ni mimi kaka yako mkubwa, utake usitake,
Mabula