Kioo cha Mlango wa Motokari

Kamina, mvua za kwanza zimeshaanza

Mama yangu mpenzi, Mama Zaina,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Kasongo. Goti lako linaendeleaje? Mpunga mmeuvuna wote, au ndege wamewatangulia? Na lile paa la jikoni, baba mdogo ameshaliezeka au bado anasema kesho?

Mimi ni mzima, ikiwa uzima ni kupumua. Najua anayekusomea barua hii amekwisha kukuambia kwamba mwandiko si wangu. Usilie bado, mama. Anayeandika ni Ilunga, Muluba wa hapa hapa, jirani yangu na mwenzangu wa kazi. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia haushiki tena kalamu. Nataka nikueleze yote tangu mwanzo, maana habari za huku zikipita kwenye boti zinafika kwenu zimegeuka, na sitaki usikie sokoni kwamba mwanao alikuja Kamina kuiba.

Unajua nilikuwa seremala kwenye kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja. Sisi humwita Bwana tu. Kazi yangu ilikuwa madirisha: kutengeneza fremu, kukata kioo, kukibana na kupaka mastiki, ule unga laini wa kushikiza kioo. Nyumba nyingi mpya za wazungu hapa zina madirisha niliyoyafanya mimi, na nikipita njiani nilikuwa nayaangalia kama mtu anavyoangalia watoto wake wakicheza. Sikukuandikia hayo zamani kwa sababu ningeonekana najisifu.

Bwana ana motokari ndogo ya rangi ya majivu, ya milango miwili, ambayo mke wake huiendesha. Huyo tunamwita Madamu. Zamani jiwe la njiani lilivunja kioo cha mlango mmoja. Kioo chenyewe cha motokari hutoka mbali na hukawia, basi Bwana akaniambia nikate kioo cha nyumba nikipachike pale kwa muda. Kikakaa hivyo, hakishuki wala hakipandi. Kioo cha motokari kikivunjika huanguka punje punje kama chumvi. Cha nyumba kinakuwa visu. Nilijua hivyo, na Bwana alijua pia.

Siku yenyewe jua lilikuwa lile la kabla ya mvua, jua ambalo hata mbwa hawatoki. Ilikuwa mchana, saa ambayo maduka yamefungwa na wazungu wamelala. Nilikuwa narudi kutoka kurekebisha mlango kwenye nyumba moja, sanduku la vyombo begani, nikaiona motokari ya Bwana imesimama juani mbele ya duka la Mgiriki. Vioo vyote vilikuwa juu kwa ajili ya vumbi. Hakuna mtu. Nilikuwa napita zangu, ila nikaona kitu kinasogea ndani, nikachungulia.

Mama, ndani alikuwa mtoto wao wa kike, yule ambaye bado hajui kutembea vizuri. Alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma, uso mwekundu kama nyama mbichi, nywele zimelowa na kuganda kichwani. Mdomo ulikuwa wazi kama anayelia, lakini sauti haikutoka.

Nikajaribu mlango. Umefungwa kwa ufunguo. Mwingine vilevile. Nikapiga mlango wa duka kwa ngumi, nikaita, wapi. Ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli kidogo cha ukuta, alikuwa amekaa Mama Ngoie, mama wa kutoka Kinkondja anayeuza samaki wa kukausha. Mimi ni mteja wake. Akaja mbio.

"Mutoto wa nani uyu?"

"Wa Bwana wetu. Mama yake yuko wapi?"

"Minyi sijui! Alishuka, akaenda kule nyuma ya manyumba. Iko wakati murefu sasa."

Akaweka uso wake kwenye kioo, halafu akanigeukia na kunishika shati. "Ramazani, vunja! Vunja, mutoto anakufa!"

Nikatoa nyundo, nikavunja kile kioo nilichokiweka mwenyewe. Nikaingiza mkono kutafuta kitasa cha ndani, nikafungua, nikainama juu ya kiti cha mbele nikamvuta mtoto. Kipande kilichobaki kwenye ukingo wa mlango kilinikata hapa chini ya kiganja, kikazama. Sikusikia maumivu yoyote. Niliona tu damu inachirizika juu ya viti na juu ya mfuko wa mkononi wa Madamu, uliokuwa pale mbele.

Mama Ngoie alimnyakua mtoto akamlaza kivulini, akammwagia maji yake ya kunywa, kichwani, kifuani, huku anampepea kwa kitambaa. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo. Tukangoja. Kisha akatapika, akavuta pumzi, akalia. Mama Ngoie akaanza kucheka na machozi yanamtoka, akachana kitambaa chake cha kichwa akanifunga mkono, anasema, "Mungu iko, Ramazani! Mungu iko!" Na mimi wakati ule niliamini.

Madamu akatokea akikimbia pekupeku. Alikuwa kwa rafiki yake, nyumba ambayo Bwana alishamkataza kuingia. Kiwandani sote tulilijua jambo hilo kwa sababu Bwana akigombana na mkewe hachagui mahali. Alimchukua mtoto wake, akambusu kila mahali, halafu akaniwekea mkono kifuani, mimi mtu mweusi, barabarani, akasema, "Merci. Merci, Ramazani."

Kelele zetu ziliwaleta watu. Polisi mmoja akaja, na nyuma yake Bwana mwenyewe. Akaangalia kioo, akaangalia damu, akamuuliza mkewe kwa Kifaransa alikuwa wapi. Kifaransa changu ni kidogo, lakini hilo nililielewa. Nikamwona Madamu anaangalia miguu yake isiyo na viatu. Kisha akajibu. Alisema alikuwa hapo hapo, aligeuka kidogo tu kumsalimu mtu, akasikia kioo kinavunjika.

Bwana akauona mfuko wenye damu. Akamwonyesha polisi, akasema mimi ni mwizi.

Mama Ngoie alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Minyi njo niliona! Na macho yangu! Uyu muntu hakuiba kintu, alitosha mutoto mu motokari! Muulize Madamu! Madamu, sema!"

Polisi akamsukuma. "Mama, enda kuuzisha samaki yako."

Nikamwangalia Madamu. Alikuwa ameuficha uso wake kwenye shingo ya mtoto.

Wakanitia buloko, gereza la hapa. Sitakueleza habari za humo ndani, mama, ila hili la mkono. Niliomba kila mlinzi anipeleke kwa mganga wa dispansari. Walisema mwizi angoje. Kile kitambaa cha Mama Ngoie kikagandamana na nyama, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, nikawa naweweseka kwa homa na kukuita wewe. Walipoogopa kwamba nitawafia ndipo walinipeleka dispansari. Infirmiye, yaani muuguzi wa pale, Mkasai mmoja mpole, aliufungua, akausafisha, akaniambia nikunje vidole. Nikakunja. Kidole gumba peke yake ndicho kilichosogea.

"Ndugu," akasema, "mishipa ya vidole ilikatika. Siku ile ile bangekuleta, munganga angeshona. Sasa imeshajifunga vibaya. Minyi sina kya kufanya."

Nikamuuliza mara ya pili, kana kwamba angejibu tofauti.

Mama Ngoie hakuniacha. Alileta chakula, na kila alipoleta aliingia ofisini kusema aliyoyaona, wakamfukuza, akarudi tena. Nadhani walichoka naye. Lakini aliyenitoa buloko ni Bwana, na hakunitoa kwa huruma. Kioo kipya cha motokari kilikuwa kimefika kwa treni, na fundi wa motokari wa hapa alikuwa amekwenda likizo. Bwana alikuja na karatasi ya kunitoa, akasema, "Weye ulivunja, weye utaweka. Halafu maneno imekwisha." Nikamwonyesha mkono. Akasema nimchukue mtu wa kunisaidia. Nikamchagua Ilunga.

Tuliifanya kazi hiyo kwenye uwanja wa nyumba yake. Mimi nilikuwa macho, Ilunga alikuwa mikono. Nilimwelekeza kufungua skrubu na kung'oa ngozi ya ndani ya mlango, kisha tukaokota vipande vya kioo vilivyoangukia chini kabisa, ndani ya bati. Vingine vilikuwa na damu yangu, imekauka, nyeusi. Ilunga alitaka kuvitupa haraka nisivione. Tukapaka sabuni kwenye mpira wa ukingo ili kioo kiteleze, tukakibana kwenye chuma kile kinachokipandisha. Mara mbili nilisahau, nikanyoosha mkono wa kulia kushika bisibisi, ikaanguka.

Bwana alipoingia ndani kidogo, Madamu alishuka kutoka barazani na mtoto kiunoni. Mtoto alikuwa mnene, mzima, ana utepe kichwani. Madamu akasimama karibu, akasema polepole kwa Kiswahili chao kile cha jikoni:

"Ramazani. Mukono yako iko namna gani?"

"Umekufa, Madamu."

Akafunga macho. "Minyi naogopa Bwana. Weye hapana jua. Atatosha mutoto kwangu, atarudisha minyi Ulaya peke yangu."

"Nimenyang'anywa jina langu, Madamu. Naitwa mwizi. Neno moja tu kwako. Waambie kwamba sikuiba."

Alitikisa kichwa kukubali, mama. Nakuapia alikubali. Machozi yalimdondokea mtoto, na mtoto akayashika kwa vidole. Wakati huo Bwana akatoka.

Akaketi kwenye motokari, akazungusha mkono wa kioo. Kikashuka laini, kikapanda laini, hakikutoa hata mlio. Akakishusha tena, akakipandisha. Nikamwangalia Madamu, aliyekuwa amerudi barazani. Akafungua mdomo. Ilunga naye alimwona, aliacha hata kukusanya vyombo.

Madamu akasema chakula kiko mezani.

Bwana akashuka. "Kioo iko muzuri," akaniambia. "Sasa enda. Minyi hapana na kazi ya muntu ya mukono moja." Na kwa kuwa nyumba niliyokaa kambini ni ya wafanyakazi, nikapewa siku ile ile kuondoa kitanda changu.

Sasa nakaa kwa Ilunga na mke wake. Hawajawahi kuninung'unikia. Nimezunguka Kamina yote kutafuta kazi. Nimeomba hata ya kufagia, lakini fagio nalo linataka mikono miwili, na habari za mwizi wa mfuko zilinitangulia kila nilipobisha hodi. Najaribu kushika randa kwa mkono wa kushoto. Mbao inanikwepa. Asubuhi naamka na kabla sijakumbuka, nafikiri vidole vitakunjika. Kisha nakumbuka. Watu husema jambo baya likikaa mtu hulizoea. Mimi kila asubuhi linanipata upya.

Vyombo vya marehemu baba, alivyoniachia, nimempa Ilunga. Hapa ameacha kuandika, anakataa, anasema ananitunzia tu. Namwambia aandike kama nilivyosema. Ni vyake.

Usifikiri najuta kumtoa yule mtoto. Juzi nimemwona akipitishwa na yaya, anatembea sasa. Lakini mama, moyo wangu haufurahi kama unavyotakiwa kufurahi. Namtazama mtoto asiye na kosa, na ndani yangu hakuna kitu, hakuna wema wala chuki. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mkono. Uniombee kwa hilo.

Kuhusu kurudi, usiniite bado. Kwanza karatasi ya kusafiria hawanipi kwa sababu ya lile jina. Na hata wakinipa, sijui nitashuka botini namna gani, watu wamekuja kupokea fundi.

Nisalimie dada Zaina na mume wake, na wanawe niwajuao kwa jina tu. Nisalimie baba mdogo Saidi, umwambie asimtafutie mtoto wake kazi huku kupitia kwangu. Nisalimie shangazi Fatuma mfinyanzi, na mwalimu wangu wa chuoni, akinitia kwenye dua zake nitashukuru. Mama Ngoie anakusalimu, anasema yeye ni mama mwenzako.

Limebaki la Mwamini. Najua wazee wake wanangoja nije na mahari, na yeye anangoja tu. Nenda kwao wewe mwenyewe, usimtume mtu. Waambie nimewafungua, wamwoze kwa mwingine, na asiwepo wa kumsema vibaya. Mwite kando umweleze kwa kinywa chako kwamba nimesema hivi nikiwa na akili zangu. Akilia, mwache alie, ukae naye. Asipolia, mama, usinijulishe.

Mwanao wa tumbo lako,

Ramazani